Mishipa ya Damu ya Taya, na Hatari Yake Wakati wa Kupasuliwa

Weka kidole chako juu ya ukingo wa taya la chini, katikati ya kidevu na sikio. Uma meno kwa nguvu. Utasikia nyama ngumu inavimba chini ya ngozi. Ni nyama ile tunayotumia kwa kutafuna. Sasa legeza meno, weka kidole mbele kidogo ya nyama ile, juu ya mufupa wenyewe, na kukandamiza polepole. Ukingoja kwa utulivu utasikia kitu kinapigapiga. Huo ni mushipa wa damu. Unapanda toka shingo, unapita juu ya ukingo wa taya, unakwenda shavuni na midomoni, kisha kando ya pua hata pembe ya jicho. Mahali pale hakuna kitu kikubwa kati ya kidole chako na mushipa, ni ngozi tu na nyama nyembamba.

Weka kidole tena mbele ya sikio. Hapo napo panapiga. Ni mushipa mwingine, unaokwenda upande wa kichwa. Mishipa hii miwili kila mutu anaweza kuisikia. Lakini mushipa wa taya wenyewe, ule unaoleta damu kwa meno yote ya juu na ya chini, huwezi kuusikia, kwa maana umefichwa nyuma ya mufupa.

Tunaandika somo hili kwa sababu watu wanaokuja kupasuliwa taya, ao kung'olewa jino tu, wanashangaa kwa maneno mengi wanayoulizwa na munganga. Wengine wanakasirika. Wanasema: «Mimi nimekuja kwa jino, mbona ananiuliza habari za wajomba wangu?» Jibu liko katika mishipa.

Njia ya damu toka moyo hata jino

Kuna mishipa inayotoka kwa moyo. Damu yake ni nyekundu sana, na mushipa wa namna hiyo ukikatwa damu inaruka, inapumzika, inaruka tena, sawasawa na moyo unavyopiga. Kuna mishipa mingine inayorudisha damu kwa moyo. Damu yake ni nyeusi kidogo, nayo inatiririka pasipo kuruka. Munganga akiona damu anajua mara moja imetoka katika mushipa gani. Nawe unaweza kujua, kama unatazama pasipo kuogopa.

Kila upande wa shingo unapanda mushipa mumoja mukubwa. Karibu na sehemu ya juu ya koromeo unagawanyika kuwa miwili. Mumoja unaingia ndani ya kichwa kulisha ubongo. Wa pili unalisha uso, ulimi, kinywa na mataya, na huu wa pili una matawi mengi. Tawi moja linaingia katika ulimi. Tawi lingine ni ule mushipa uliousikia kwa kidole. Kisha karibu na sikio, nyuma ya shingo ya mufupa wa taya, tawi nene linapinda na kupita upande wa ndani wa mufupa. Huo ndio mushipa wa taya.

Toka hapo kitawi kimoja kinashuka, kinaingia katika tundu upande wa ndani wa taya la chini, kinatembea ndani ya mufupa kama maji katika mufereji, chini ya mizizi ya meno. Kinasafiri pamoja na mushipa wa fahamu. Kila jino linapata damu yake hapo. Mbele, chini ya magego madogo, kinatokea nje kwa tundu lingine na kulisha kidevu na mudomo wa chini. Ndiyo sababu mutu akipigwa sindano ya ganzi kule nyuma ya taya, nusu ya mudomo wake inakufa ganzi, hata akifikiri mudomo umevimba. Haukuvimba.

Taya la juu linalishwa na matawi mengine ya mushipa uleule. Moja linaingia nyuma ya magego ya mwisho. Lingine linashuka ndani ya mufupa na kutembea juu ya paa la kinywa, toka nyuma kuja mbele. Lingine linakwenda puani. Munganga anayekata mufupa wa taya la juu sharti ajue kila moja liko wapi, kwa maana mengine yamejificha ndani ya mufupa, na mufupa hauonyeshi alama.

Nyuma ya taya la juu kuna pia vishipa vya kurudisha damu, vingi sana, vimefungamana kama wavu wa kuvulia samaki. Wavu huu haufungwi kwa uzi. Ukitobolewa, damu inajaa kama maji katika kinamasi, na munganga hana njia nyingine ila kukandamiza kwa kitambaa kwa muda mrefu. Tena wavu huu umeungana na mishipa iliyo ndani ya kichwa. Kwa hiyo usaha wa jino usiotibiwa unaweza kupanda hata huko; lakini hilo ni somo lingine.

Neno moja linabaki, nalo ni kubwa. Mishipa ya upande wa kuume na mishipa ya upande wa kushoto inakutana. Fikiri njia za kijiji. Kama muti umeanguka juu ya njia moja, watu hawakosi kufika sokoni. Wanazunguka kwa njia nyingine. Ndivyo damu inavyofanya katika uso. Mudomo ukikatwa, damu inatoka pande mbili za kidonda. Munganga akifunga mushipa wa upande mumoja, damu inapungua lakini haikatiki, kwa kuwa inazunguka toka upande wa pili. Jambo hili linaleta taabu wakati wa kupasua. Lakini baadaye linaleta faida kubwa, kwa maana kidonda cha uso chenye damu nyingi kinapona upesi kuliko kidonda cha muguu.

Kwa nini damu ya kinywa haikauki upesi

Ukijikata mukono kwa panga, unaweza kufunga kitambaa na kuinua mukono juu. Kinywa hakifungwi hivyo. Ulimi unacheza, taya linatembea, mutu anameza. Mate yanalowesha kidonda siku zote, na ndani ya mate kuna kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Mutu akisukutua na kutema mara kwa mara, anaondoa kizibo ambacho mwili umekwisha kutengeneza, na damu inaanza upya.

Mufupa una shida yake. Mushipa uliokatwa katika nyama unajikunja wenyewe na kurudi nyuma kidogo. Hivyo damu inapungua. Mushipa ulio ndani ya mufupa hauwezi kujikunja vizuri, kwa maana umeshikwa na kuta za mufereji wake. Munganga hawezi kuushika kwa koleo wala kuufunga. Anapaswa kuziba tundu lenyewe. Kwa kazi hiyo waganga wanatumia nta ya nyuki iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, na waganga wamekuwa wakifanya hivyo toka zaidi ya miaka 100. Watu wengine wanacheka wakisikia kwamba nta ya muzinga inafanya kazi katika chumba cha kupasulia, lakini ni kweli.

Hata hivyo, hatari ya kwanza siyo damu kwisha. Hatari ya kwanza ni pumzi. Damu ya kinywa ina njia mbili: kutoka nje ao kushuka ndani. Mutu aliyelala chali pasipo fahamu anavuta damu katika mapafu. Na kuna damu nyingine isiyoonekana kabisa. Chini ya ulimi kuna vishipa vidogo vinavyoingia katika mufupa wa kidevu upande wa ndani. Vikitobolewa, damu inaweza kujaa chini ya ulimi pasipo kutoka nje hata tone moja. Ulimi unasukumwa juu na nyuma. Sauti inabadilika, kama ya mutu anayesema na chakula kinywani. Kisha anashindwa kumeza mate, na pumzi inapiga kelele. Mugonjwa wa namna hiyo asingoje asubuhi.

Jino linalopigapiga

Kuna ugonjwa mumoja usioonekana mara nyingi, lakini unaua, kwa hiyo tunataka kila baba na mama aufahamu. Ndani ya mufupa wa taya, mishipa ya kutoka kwa moyo imeungana na mishipa ya kurudi pasipo vishipa vidogo katikati. Mutoto anazaliwa hivyo, wala haonekani kuwa mugonjwa. Polepole mufupa unaliwa na mahali pake panajaa damu.

Tufikiri kijana wa miaka 12. Gego lake limelegea, lakini halikuoza. Asubuhi mama anaona damu kidogo juu ya mukeka. Kijana akikandamiza jino linashuka, akiliacha linapanda tena, nalo linapigapiga pamoja na moyo. Mutu wa kung'oa meno sokoni anaona jino limelegea, anafurahi kwa kuwa kazi ni rahisi. Analing'oa. Jino lile lilikuwa kizibo cha chupa. Damu inaruka kwa nguvu, na kijana anaweza kufa kwa dakika chache mbele ya macho ya watu wote, kati yao hakuna hata mumoja aliyemutakia mabaya.

Kama neno hili linatokea, lipo jambo moja la kufanya mara moja: rudisheni jino lilelile katika tundu lake, wekeni kitambaa kilichokunjwa juu yake, kijana aume kwa nguvu zote, na mutu mwingine akandamize taya kwa mikono, akiegemeza kichwa. Musiachilie kwa kutazama. Muchukueni hospitali mukiwa mungali mukikandamiza.

Kwa sababu ya hatari hii munganga haanzi kwa kisu akiona uvimbe wa taya. Anatazama picha ya mifupa. Kisha anaingiza sindano katika uvimbe na kuvuta. Akipata maji ya manjano, anafikiri mufuko wa maji. Akipata usaha, ni jipu. Lakini akipata damu nyekundu inayosukuma bomba la sindano yenyewe, anaacha kazi hapohapo na kutuma mugonjwa kwa hospitali kubwa, mahali wanapoweza kuziba mishipa kwa ndani mbele ya kupasua. Ndugu za mugonjwa wanaweza kusema munganga ameogopa. Ndiyo, ameogopa, na kuogopa kule ni akili.

Uvimbe wa upesi na uvimbe wa polepole

Si kila uvimbe wa taya unataka kisu. Mwaka 1957 munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala katika Uganda, aliona mutoto mwenye mataya yaliyovimba pande nyingi. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na waganga wawili wenzake, akiuliza katika hospitali nyingi za Afrika kama nao wanauona. Mumoja wa wenzake, Ted Williams, alikuwa munganga wa misioni kule Kuluva karibu na Arua, si mbali na mupaka wa Congo. Leo tunajua kwamba watoto wa nchi zenye malaria nyingi wanaupata kuliko wengine. Uvimbe huo unakua kwa haraka ya kushangaza, unaongezeka siku kwa siku, na meno ya mutoto yanalegea. Munganga anakata kipande kidogo tu kwa kukipima. Dawa yake inatiwa katika mishipa, na watoto wengi wanapona. Kuukata wote kwa kisu ni kumwaga damu ya mutoto bure.

Kuna uvimbe mwingine unaokua kwa miaka. Hauumi. Mutu anaendelea kulima na kuoa na kuzaa, na taya linaendelea kuvimba, hata mufupa wa juu unakuwa mwembamba kama ganda la yai. Huu hauna dawa ya kunywa. Sharti ukatwe pamoja na kipande cha mufupa. Mutu akija wakati uvimbe ni kama yai la njiwa, kazi ni ndogo na damu ni kidogo. Akija wakati umekuwa kama nazi, munganga anapaswa kuondoa nusu ya taya ao zaidi, karibu na mishipa yote tuliyoitaja. Huyo aliyengoja miaka 8 kwa sababu hauumi, amengoja damu yake mwenyewe.

Maneno munganga anayouliza

«Ulipotahiriwa, damu ilikawia kukauka? Wajomba zako je?» Anauliza hivi kwa sababu kuna ugonjwa wa damu isiyoganda, unaopita kwa mama na kuonekana kwa watoto wake wa kiume. Mama mwenyewe mara nyingi haonyeshi kitu. Kwa hiyo habari ya mujomba aliyetoka damu hata kufa ni habari yako.

«Umekunywa dawa gani?» Aspirini inazuia chembe za damu zisishikamane, na kazi yake inadumu siku 7 hata 10. Mutu mwenye jino linaloniuma usiku, anakunywa aspirini siku tatu, kisha anakuja kung'olewa na kusema hakunywa kitu. Sema kweli. Sema pia juu ya dawa za majani. Hatuulizi kwa kukuhukumu. Lakini kama munganga amekupa dawa ya moyo ya kuzuia damu isigande, usiiache kwa shauri lako mwenyewe. Njoo nayo mukononi na umwachie yeye kuamua.

«Macho yako yamekuwa manjano? Unakunywa pombe nyingi?» Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Ini likiharibika, damu inakuwa kama maji.

Kisha anapima damu yako. Mutu mukubwa wa kilo 60 ana damu lita 4 na kidogo. Mutoto wa kilo 10 hana hata lita 1 nzima. Kikombe kimoja cha damu ni kitu kidogo kwa baba. Kwa mutoto yule ni robo ya damu yake yote. Na mutu ambaye malaria, minyoo ya safura ao ugonjwa wa selimundu umekwisha kupunguza nguvu ya damu yake, anaingia katika chumba cha kupasulia kama mutu anayeanza safari na maji nusu kibuyu. Mara nyingine munganga atasema: «Rudi nyuma ya majuma sita, unywe dawa hizi kwanza.» Usifikiri amekukataa.

Damu ya ndugu

Hapa tuseme wazi. Mugonjwa anasindikizwa na ndugu kumi. Wakisikia kwamba damu inatakiwa, wanabaki wawili. Wengine wanasema mutu akitoa damu nguvu zake za kiume zinakwisha, ao damu yake itauzwa, ao kama mugonjwa akifa, yeye naye atamufuata. Hatucheki hofu hizi. Tunasema tu mambo yalivyo. Mufuko mumoja ni karibu nusu lita. Maji yaliyotoka yanarudi kwa siku moja ao mbili, na chembe nyekundu zinarudi kwa majuma machache. Munganga anapima kwanza kama wewe mwenyewe una damu ya kutosha, na kama huna anakurudisha.

Tena si kila damu inafaa kwa kila mutu. Karl Landsteiner, katika muji wa Vienna, alionyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu ni za aina mbalimbali, na zisizopatana zinaharibiana. Damu ya mutoto na ya baba yake zinaweza kukataana, wala hiyo haionyeshi kwamba mutoto si wake. Wanaume, tafadhali, musilete ugomvi nyumbani kwa sababu ya neno hili. Ndiyo sababu tunataka watu wengi waje kupimwa, siyo mumoja. Damu inapimwa pia juu ya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Kazi hii inataka muda. Damu inayotafutwa wakati mugonjwa amekwisha kufunguliwa taya imechelewa. Ninyi wazee wa kanisa mukija kuombea mugonjwa usiku mbele ya siku yake, musirudi wote; wachache wabaki kwa kupimwa.

Nyuma ya kung'olewa ao kupasuliwa

Uma kitambaa ulichopewa kwa nusu saa nzima, na usikitoe kila dakika kwa kutazama. Usisukutue siku ya kwanza. Usiteme mate, yameze ao yaache yatoke yenyewe. Usivute tumbako, usinywe kitu cha moto, usifyonze kwa mudomo. Uji uliopoa unafaa, na ugali laini na sombe ya kesho yake. Lala na kichwa juu ya mito miwili. Usipeleke ulimi kwenye tundu, hata kama unawasha.

Mate yenye rangi nyekundu siku ya kwanza si hatari. Damu kidogo inatia rangi mate mengi. Lakini kama damu inajaa kinywani, keti wima, inama mbele kidogo, kunja kitambaa safi kiwe kinene kuliko nafasi kati ya meno, kiweke juu ya tundu lenyewe na uume tena nusu saa. Watu wengi wanaweka kitambaa juu ya meno ya jirani, nacho hakigusi kidonda hata kidogo. Ikiwa umefanya hivyo mara mbili na damu bado inatoka, njoo, hata kama ni usiku. Damu inayoanza tena nyuma ya siku 7 ao 10, pamoja na harufu mbaya na homa, inaonyesha kwamba kidonda kimeoza na kimekula mushipa. Hiyo nayo haingoji.

Wakati wa kumuchukua mugonjwa, kwa kipoyi ao kwa pikipiki, asilale chali. Akiwa na nguvu akae ameinama mbele, na mutu amushike kwa nyuma. Akiwa dhaifu alale kwa ubavu, uso ukielekea chini, damu itoke nje. Vitambaa vilivyolowa musivitupe njiani. Vitieni katika beseni ao mufuko na muvilete, kwa maana kwa hivyo munganga atajua damu iliyopotea ni kiasi gani.